Kizimba cha mabomba kimelala upande baada ya gari kubiringika mara moja: kosa liko wapi, na kipya nikijengeje?

#1 Gurudumu_Nne
Habari zenu wakuu. Nina gari la njia za mawe, linalovuta kwa magurudumu manne, ambalo bodi yake imekaa juu ya chasisi kwa bushi za mpira. Ndani yake kulikuwa na kizimba cha mabomba, kile ambacho mafundi wengi hukiita rolikeji, nilichojengewa kabla sijajua lolote kuhusu kazi hiyo. Wiki tatu zilizopita, nikishuka mteremko kwa mwendo wa mtu anayetembea, gurudumu la upande wa juu lilipanda jiwe, gari likalala upande wa abiria, kisha likageuka taratibu na kukaa juu ya paa. Mimi na mwenzangu tulitoka wazima kwa sababu tulikuwa tumefunga mikanda na kuvaa helmeti.

Kilichonitisha ni kizimba chenyewe. Tao kuu, lile lililo nyuma ya viti, limeegemea upande wa dereva kwa sentimita 14 likipimwa juu, na mguu wake wa upande wa dereva umetoboa sakafu na kuzama sentimita 4. Tao lina kimo cha sentimita 105 na upana wa sentimita 120. Bomba niliambiwa ni la inchi moja na nusu, ila kalipa inasoma milimita 48.3 kwa nje, na ukuta wake ni milimita 3.2. Lilikunjwa kwa jeki ya haidroli. Pleti za miguu ni za sentimita 8 kwa 8, unene milimita 3, kila moja ikiwa na bolti mbili. Kuna mabomba mawili ya kuegemeza yanayokwenda nyuma, lakini hakuna bomba la mshazari ndani ya tao. Nataka kujenga upya, ila sitaki kurudia kosa nisilolijua. Ni kitu gani kilishindwa kwanza?

#2 Mhunzi
Pole sana, na nashukuru kusikia kwamba mko salama. Jibu langu ni fupi: hilo ni bomba la maji. Vipimo vya 48.3 kwa 3.2 ni vya bomba la maji la inchi moja na nusu, na chuma cha daraja hilo katika kiwango cha Ulaya cha EN 10255 kinahakikishiwa kuhimili megapaskali 195 tu (megapaskali ni kipimo cha nguvu kwa eneo) kabla ya kuanza kupinda moja kwa moja. Bomba la kuvutwa baridi, yaani lililovutwa kiwandani bila kupashwa moto, mara nyingi hupita maradufu ya kiasi hicho. FIA, shirikisho la kimataifa la magari linalosimamia mashindano, katika kifungu cha 253 cha kanuni zake, inataka tao kuu litengenezwe kwa bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa baridi, lenye nguvu ya kukatika isiyopungua megapaskali 350, na kipimo cha 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2.0. Bomba la maji lilibuniwa libebe maji, na shinikizo la maji halifanani hata kidogo na uzito wa gari lililolala juu ya kona.

#3 Mwanagenzi
Samahani wakubwa, mimi bado najifunza. Inchi moja na nusu si milimita 38? Kalipa ya mleta mada isije ikawa na hitilafu.

#4 Koleo
@Mwanagenzi, kalipa iko sawa, na swali lako limewahi kuwaponza mafundi wenye mvi. Bomba la maji huitwa kwa kipimo cha jina kinachokaribia uwazi wa ndani, ilhali bomba la kujengea fremu huitwa kwa kipimo halisi cha nje. Ndiyo maana "inchi moja na nusu" ya maji ni milimita 48.3, na "inchi moja na nusu" ya fremu ni 38.1. Anayechora kizimba aandike kipenyo cha nje na unene wa ukuta kwa milimita, na lile neno inchi aliache dukani.

#5 PembeTatu
Nampinga Mhunzi kwa heshima. Nimepiga hesabu ya ukakamavu wa umbo, yaani jinsi umbo la bomba linavyopinga kupinda. Bomba la 50 kwa 2.0 lina takriban milimita 87,000 za kipeo cha nne, la 45 kwa 2.5 lina takriban 75,600, na hilo la maji la 48.3 kwa 3.2 lina takriban 115,800. Kwa hiyo bomba la mleta mada ni kakamavu kuliko yote mawili yanayokubaliwa na FIA, ingawa ni zito zaidi, karibu kilo 3.6 kwa mita badala ya 2.4 au 2.6. Kama bomba lenyewe lingekuwa tatizo, tungeliona limepinda katikati ya miguu, na yeye hajasema hivyo.

Tatizo ni mshazari uliokosekana. Chukua kiberiti, toa droo yake, kisha bonyeza ganda tupu kwenye kona ya juu: linalala upande bila ukuta wake hata mmoja kuvunjika, kwa sababu pembe nne zimegeuka bawaba. Ukibandika kijiti kutoka kona hadi kona, ganda lilelile linagoma. Tao lisilo na mshazari linategemea mikunjo na miguu pekee kupinga kulala, na gari likibiringika ubavu, nguvu ya kwanza huja pale pale, kwenye kona ya juu, ikisukuma kuelekea upande wa pili. Upande wa abiria uligusa ardhi kwanza, tao likalala upande wa dereva. Ni picha ya ganda la kiberiti kabisa.

#6 Mhunzi
Ukakamavu na nguvu ni mambo mawili, @PembeTatu. Ukakamavu hukwambia bomba litayumba kiasi gani likiwa bado linarudi mahali pake, nguvu hukwambia ni lini litaacha kurudi. Hesabu yako ni sahihi na naikubali, lakini haigusi ile 195. Kuhusu mshazari tuko pamoja: asijenge tao lingine bila huo. Ninachosema ni kwamba tao la chuma kizuri lingelala kidogo likarudi, na lake lililala likabaki.

#7 Koleo
Kabla ya kuendelea kubishana, mleta mada atupimie mikunjo. Achukue kalipa, apime kipenyo cha bomba katikati ya mkunjo mara mbili, kwa pande zinazokatana, na atuambie namba kubwa na ndogo. Aangalie pia upande wa ndani wa mkunjo kama kuna makunyanzi.

Nauliza kwa sababu jeki ya haidroli husukuma bomba katikati huku ikilishikilia pembeni, na bomba jembamba lisiloshikiliwa vizuri ubavuni hubonyea. Mashine inayozungusha bomba kufuata kibao chenye mfereji wa kipenyo kilekile hulikumbatia wakati wa kukunja, na duara hubaki karibu na duara. FIA inataka mkunjo uwe na nusu kipenyo, ikipimwa kwenye mstari wa katikati, isiyopungua mara tatu ya kipenyo cha bomba, na kipimo kidogo kikigawanywa kwa kikubwa kisishuke chini ya 0.9. Nilipoanza kazi hii niliharibu mabomba manne mfululizo, la tano nikalijaza mchanga mkavu na kuziba ncha kwa vigingi vya mbao. Lilikuwa bora, lakini bado halikuwa la kukabidhiwa maisha ya mtu. Jambo lingine la kujifunza mapema ni kwamba chuma hurudi nyuma nyuzi chache ukikiachia, kwa hiyo kunja kipande cha majaribio kutoka bomba lilelile, pima, andika, ndipo uguse bomba la tao.

#8 Gurudumu_Nne
Asante @Koleo. Nimepima mkunjo wa juu upande wa abiria: kubwa 51, ndogo 43. Upande wa dereva: 50 na 44. Ndani ya mkunjo wa abiria kuna makunyanzi matatu ninayoweza kuyahisi kwa ukucha.

#9 Koleo
Hiyo ni 0.84 na 0.88, na zote mbili zinaanguka. Bomba lililobapa kwenye mkunjo limeshapoteza sehemu ya ukakamavu wake mahali hasa panapohitaji zaidi, na makunyanzi ni mwaliko wa mahali pa kukunjikia. Hesabu ya @PembeTatu ilikuwa ya bomba la duara, wakati bomba la duara halikuwepo pale juu.

#10 Cheche
Nyote mnazungumzia mabomba, hakuna aliyeuliza kuhusu kuchomelea. Mleta mada, je, viungio vya juu vinavyogusa paa vimechomelewa duara zima, au upande unaoonekana tu?

Nimevua vizimba vingi vya watu, na kosa hili nimelikuta mara nyingi kuliko yote. Bomba likishakaa sentimita mbili chini ya bati la paa, hakuna mkono wala bunduki ya MIG (ile ya kuchomelea kwa waya) inayopita, basi fundi huchomelea mbele na pembeni, nyuma anapaacha, kisha rangi inafunika. Mara moja nilikata kiungio kama hicho kwa msumeno wa mkono, nikaangalia ndani kwa tochi: mshono ulikuwa umekaa juu ya bomba kama tone la nta juu ya sahani, na chini yake mstari wa alama za grainda ulikuwa bado unang'aa, haukuyeyuka hata kidogo.

Dawa yake inajulikana. Kizimba hupachikwa kwa madoa mafupi ya kuchomelea kikiwa mahali pake, kisha sakafu hutobolewa chini ya kila mguu, kizimba kizima hushushwa kupitia matundu hayo mpaka nafasi ipatikane juu, viungio vya paani huchomelewa duara lote, halafu kizimba huinuliwa na matundu hufunikwa kwa pleti au visanduku vya chuma ambavyo miguu itakaa juu yake. Kabla ya hayo yote ondoa tangi la mafuta, tenganisha betri, na funika vioo, kwa maana cheche ikitua kwenye kioo haifutiki.

#11 Dereva_wa_Mawe
Mmesahau sakafu. Mguu umezama sentimita 4! Pleti ya 8 kwa 8 ni sentimita za mraba 64, wakati FIA inataka pleti ya kuimarisha isiyopungua 120 kwa kila mguu wa tao kuu, unene milimita 3, na bolti zisizopungua tatu za M8 (kipenyo milimita 8) za daraja la nguvu la 8.8. Bati la sakafu ni jembamba, bolti mbili haziwezi kulizuia lisichanike. Kizimba hata kiwe cha chuma gani, mguu wake ukipita kwenye sakafu ni sawa na nyumba iliyojengwa juu ya tope.

Kwenye gari langu miguu sita inashuka hadi kwenye chasisi, ikipita sakafuni bila kuigusa, na kila mguu una bushi yake. Nimebiringika mara mbili, na kizimba hakijasogea.

#12 Kipimio
Hoja ya @Dereva_wa_Mawe ina nguvu, lakini hebu tuipime. Tao lina upana wa sentimita 120 na kimo cha 105. Mguu mmoja ukizama sentimita 4 na mwingine ukabaki juu, tao lote hugeuka kwa uwiano wa 4 kwa 120, na sehemu ya juu husogea sentimita 105 mara 4 gawanya kwa 120, yaani sentimita 3.5. Mleta mada amepima 14. Kuna sentimita 10 na nusu ambazo sakafu haiwezi kuzidai.

Niongeze jambo moja la mzigo. Vipimo vya FIA vya kuidhinisha vizimba hulitaka tao kuu libebe mzigo wa kutoka juu unaofikia mara 7.5 ya jumla ya uzito wa gari na kilo 150. Kwa gari la kilo 1,800 hiyo ni zaidi ya tani 14. Anayetazama pleti ya miguu aitazame akiwa na namba hiyo kichwani.

#13 Dereva_wa_Mawe
Hesabu nzuri, @Kipimio, ila bati la sakafu nalo hurudi. Wakati uzito wote ulipokuwa juu ya kona, huenda mguu ulizama zaidi, na gari lilipoinuliwa bati likajivuta. Tena bodi yenyewe ilikuwa ikicheza juu ya bushi. Ile 4 ni alama iliyobaki.

#14 Kipimio
Ili sakafu ibebe lawama yote, mguu ungepaswa kuzama sentimita 16. Chini ya sakafu hiyo kuna chasisi na bomba la ekzosi. Sidhani kama nafasi hiyo ipo.

#15 PembeTatu
Nami nina angalizo kuhusu kufunga miguu kwenye chasisi. Bodi iliyo juu ya bushi husogea kivyake, tofauti na chasisi, na kwenye mawe chasisi hujipinda. Kama kizimba kimeshikwa na chasisi huku viti vikiwa vimefungwa kwenye sakafu ya bodi, basi kichwa cha dereva na bomba lililo juu yake viko kwenye vitu viwili tofauti, na mkanda uliofungwa kwenye kizimba unaweza kukaza au kulegea kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha bodi. Chagua moja: kizimba, viti na mikanda vyote vishikwe na bodi, au vyote vishikwe na chasisi. Kuchanganya ndilo kosa.

#16 Mwanagenzi
Nimesoma kwamba kuna chuma cha 4130, chenye kromiamu na molibdenamu, na kwamba ni chepesi zaidi. Kwa nini msimshauri mleta mada atumie hicho?

#17 Mhunzi
Mwanagenzi wetu leo amekuja na daftari, na swali lake ni zuri. Chuma cha 4130 si chepesi: uzito wake kwa ujazo ule ule ni sawa na chuma cha kawaida, takriban gramu 7.85 kwa sentimita ya ujazo, na hata ukakamavu wake ni uleule. Kinachozidi ni nguvu, kwa hiyo mtu anaweza kutumia ukuta mwembamba zaidi, na wepesi hutoka hapo. Lakini ukuta mwembamba hubonyea upesi ukigonga jiwe, na chuma hicho kinataka mchomeleaji mwenye nidhamu: viungio vinavyokutana bila mwanya, TIG (kuchomelea kwa ncha ya tungsteni) kwa mkono uliotulia, na kupoa polepole hewani bila maji wala upepo wa feni. Kwa kizimba cha kwanza, bomba la chuma cha kawaida lililovutwa baridi litamsamehe mengi.

#18 Koleo
Sahihisho dogo kwa wanaotaka kununua: bomba linaloitwa DOM watu hulisema halina mshono. Huanza kama bati lililoviringishwa na kuunganishwa kwa umeme, kisha mshono husawazishwa na bomba huvutwa baridi juu ya kijiti cha ndani. Ni bomba zuri sana, na vilabu vingi vya mashindano hulikubali, ila kwa masharti ya FIA ya "lisilo na mshono" soma cheti chake kabla ya kulipa.

#19 Dereva_wa_Mawe
Basi aongeze mabomba kila mahali, ajenge ngome.

#20 PembeTatu
Hapana, mkuu, hapo utamrudisha mtaroni. Tuseme gari lina kilo 1,800 na kitovu chake cha uzito kiko sentimita 70 kutoka ardhini. Ukiweka kizimba cha kilo 70 ambacho kitovu chake kiko sentimita 130, kitovu cha gari zima hupanda kwa takriban sentimita 2.2. Kwa upana wa magurudumu wa mita 1.5, pembe ya kuanguka ubavu, gari likiwa limesimama, hushuka kutoka nyuzi 47 hadi 46. Nyuzi moja ni kitu kidogo na ninailipa kwa moyo mmoja ili kupata kizimba kizuri, lakini ngome ya kilo 150 ni hadithi nyingine. Bomba moja linaloanzia kwenye fundo, yaani mahali mabomba yanapokutana, na kuishia kwenye fundo lina faida kuliko matatu yanayotua katikati ya bomba jingine.

#21 Cheche
Na kichwa kisisahauliwe. Bomba lililo karibu na kichwa lifungwe sponji ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, wala lisifungwe sponji laini ya godoro, ambayo kichwa huipita kana kwamba haipo. Anayeendesha gari lenye kizimba barabarani bila helmeti amejiwekea chuma mahali ambapo kichwa chake kitafika katika ajali ambayo pengine isingemuumiza. Mikanda nayo ni sehemu ya kizimba. Uswidi ilipoanza mwaka 1959 kulazimisha matrekta mapya yawe na fremu ya kinga, iliokoa wakulima wengi, ila fremu humlinda tu yule aliyebaki ndani yake.

#22 Gurudumu_Nne
Nawashukuru wote. Nimefanya mliyoniambia na naleta nilichokikuta.

Kwanza, kwa @Cheche: nimekata kiungio cha juu upande wa abiria. Theluthi mbili za duara zimechomelewa vizuri, theluthi moja ya upande wa paa haijaguswa. Hata hivyo kiungio hakikufunguka wala hakina ufa.

Pili, sakafu: bati limechanika pande tatu za pleti. Upande wa nje, wa mlangoni, ndio uliozama sentimita 4, upande wa ndani umezama sentimita moja tu na bolti yake bado imeshika.

Tatu, miguu ya tao imenyooka kuanzia sakafuni hadi karibu na mikunjo. Nimeweka rula ndefu na mwanga haupiti.

Kwa kizimba kipya nimeamua: bomba la 45 kwa 2.5 lililovutwa baridi, tao kwa bomba moja lisiloungwa, mikunjo ya mashine ya kuzungusha, mshazari kutoka kona ya juu ya dereva hadi mguu wa abiria, na visanduku vya chuma juu ya kizingiti cha mlango ili miguu isitegemee bati. Viti, mikanda na kizimba vyote vitashikwa na bodi.

#23 PembeTatu
Pleti iliyozama zaidi upande wa nje imegeuka pamoja na mguu, haikupigwa wima kama msumari. Tao lililala kwanza, kisha mguu ukaikwangua sakafu kama nyenzo. Miguu imenyooka, mikunjo imefunguka na kujifunga. Ganda la kiberiti.

#24 Koleo
Au mkunjo wenye makunyanzi ulikubali kwanza, na ndipo tao likalala. Mshazari ungeficha udhaifu huo, usingeuondoa.

#25 Mhunzi
Na mkunjo huo ulikuwa wa chuma cha megapaskali 195.

#26 Cheche
Kiungio hakikufunguka kwa sababu kitu kingine kilikubali kabla yake. Tao lingekuwa imara, zamu ingekuwa yake. Kwenye kizimba kipya shusha sakafuni, chomelea duara zima, na usisage mishono ili ipendeze. Paka rangi nyeupe au ya kijivu hafifu, ili ufa ukizaliwa uonekane.

#27 Kipimio
@Gurudumu_Nne, usiuze chuma hicho chakavu bado. Kata mkunjo wa abiria kwa urefu wake, upime unene wa ukuta upande wa nje wa mkunjo, upande wa ndani, na kwenye sehemu iliyonyooka. Kata kwa msumeno wa mkono, diski ya grainda italamba kingo na kutudanganya. Kisha fanya vivyo hivyo kwa mkunjo wa dereva, ambao haukugongwa kwanza. Tofauti ya mikunjo hiyo miwili itatuambia ni kiasi gani cha ubapa kilitoka kwenye jeki na kiasi gani kilitoka kwenye mawe.

#28 Gurudumu_Nne
Tao bado liko kwenye karakana, nimelifunga kwenye jiliwa tayari. Nitakata mikunjo yote miwili Jumamosi na kuleta vipimo vya ukuta kwa kila sentimita mbili.